Mkono wa Dirisha

Mume wangu Macdara ana ugonjwa wa upepo. Sisemi upepo wa tumboni, ingawa huo nao anao. Nasema upepo wa nyufani. Akiketi mezani kula viazi vyake, shingo inamcheza: "Noreen, unausikia huo?" Anausikia mlangoni, anausikia chini ya sinki, anausikia hata kwenye tundu la ufunguo. Mimi nimezaliwa pwani hii hii ya Connemara, magharibi mwa Ireland, ambako mvua haianguki, inakuja kwa ubavu, na najua nyumba ya kando ya bahari lazima ipumue kidogo. Lakini nenda kamwambie Macdara.

Tuseme haki, madirisha yetu ya zamani yalikuwa balaa. Yalikuwa ya alumini, kioo kimoja, aliyaweka marehemu baba yake. Kila asubuhi vioo vinatoka jasho mpaka linachuruzika ukutani, na mimi nazunguka nyumba nzima na mataulo makuukuu, nafuta, nakamua kwenye ndoo, nafuta tena. Nyuma ya kabati la mama mkwe ukuta ulikuwa mweusi kwa ukungu. Nikiusugua kwa dawa, baada ya muda unarudi, tena umeongezeka, kama unanikomoa. Basi serikali ilipotangaza ruzuku ya madirisha yanayotunza joto, mimi ndiye niliyesema tuombe. Sitaki mtu aje aseme yote ni ya Macdara.

Mama mkwe, Sabina, tulikuwa tumemhamishia chini tangu nyonga yake ilipovunjika. Alilala kwenye iliyokuwa sebule, chumba cha magharibi, kitanda kimeelekea dirisha na dirisha limeelekea bahari. Alikuwa mwanamke mdogo wa mwili, mkali, mcheshi, mwenye meno ya bandia yaliyokuwa yakigongana akicheka. Kupanda ngazi hakuweza tena. Kusimama aliweza, kwa kushika ukingo wa kitanda na kutukana nyonga.

Muuzaji wa madirisha akaja na sanduku la sampuli, vipande vya pembe za madirisha vilivyokatwa ili uone ndani. Akavipanga mezani kati ya siagi na birika. Hiki cha vioo viwili, hiki cha vioo vitatu, katikati kuna gesi, kioo cha ndani kina utando usiouona unaorudisha joto chumbani. Akatuonyesha vifaa visivyoshika kutu, maana chumvi ya huku inakula chuma kama panya na jibini. Macdara alishika kila kipande akakipuliza kwa mdomo kuona kama hewa itapita. Mama tulikuwa tumemleta jikoni kwenye kiti chake.

"Na mimi nitasema langu," Mama akasema. "Sijui gesi, sijui utando. Langu lifunguke tu."

"Litafunguka, Mama," Macdara akajibu bila kuinua uso.

"Niangalie ninaposema na wewe. Baba yako alipokata roho, lile dirisha nililifungua mimi. Lilikuwa limekwama, nikalipiga kwa goti mpaka likaachia. Akatoka vizuri, akaenda zake. Na mimi nataka kutoka vizuri."

"Jamani Mama, nani anakufa?"

"Sijasema leo! Nimesema lifunguke."

Kwetu mtu akikata roho, dirisha la chumba hufunguliwa roho ipate njia, na hakuna anayesimama kati ya kitanda na dirisha. Padri hajatufundisha hilo. Lakini mama yake padri alipofariki, padri mwenyewe ndiye aliyefungua, na majirani walimwona.

"Litafunguka," Macdara akasema mara ya pili, safari hii akimtazama usoni. Mama akaridhika, akaomba mkate.

Muuzaji alipokwenda kupima vyumba tukamfuata. Kufika chumba cha magharibi akasimama, akatazama bahari, akasikiliza upepo unavyopiga mluzi kwenye fremu. "Hapa," akasema, "pangekuwa pangu ningeweka kioo kizima kisichofunguka. Bawaba hakuna, mpira wa kuchakaa hakuna, hewa haipiti hata chembe. Upande huu unaopigwa na bahari, dirisha linalofunguka ndilo litakalowapa shida. Tatizo ni chumba cha kulala. Cha kulala lazima lifunguke, sheria ya moto."

Niliyaona macho ya Macdara yakiwaka. Hewa haipiti hata chembe! Ungedhani ameahidiwa pepo.

"Hii ni sebule," akasema.

Muuzaji akakitazama kitanda. Akatazama na choo cha kiti kilichokuwa pembeni. Akaandika sebule.

Mimi nilikuwa mlangoni. Nikasema, "Macdara." Akanikata jicho. Na mimi, Noreen, ambaye watu husema sina breki mdomoni, nikafumba mdomo. Nilikuwa nafikiria mataulo yangu. Nilikuwa nafikiria asubuhi moja tu niamke nisikamue maji. Basi, hiyo ndiyo bei niliyomuuzia mama mkwe.

Fundi alikuwa Festy, wa hapo ng'ambo ya ghuba, mtu wa maneno machache. Siku hiyo Mama tulimpeleka kwa jirani yetu Delia asipigwe na baridi. Festy akang'oa yale ya alumini, chini yake mbao zimeoza unaweza kuzichota kwa kijiko. Akasafisha, akaweka kizingiti chenye mteremko maji yakimbilie nje, akabandika utepe wa kuzuia unyevu, akapiga povu la kuziba nyufa pembeni. Kazi nzuri, sina la kusema. Kufika chumba cha Mama akashusha kioo kile kikubwa kutoka kwenye gari, akakiegemeza ukutani, akamtazama Macdara.

"Hili halifunguki."

"Najua."

"Mama yako anajua?"

"Festy, we weka dirisha, bwana."

Festy akaweka. Alipokuwa akifunga vyombo vyake alisema kitu kimoja tu: tundu la hewa lililo ukutani lisizibwe, chumba kisipopumua ukungu utarudi. Macdara akaitikia vizuri kabisa. Gari halijafika barabarani, ameshachomeka soksi tunduni.

Kisha nikamkuta chumbani kwa Mama amepiga magoti mbele ya dirisha, amekandamiza kitu kwenye fremu kwa vidole gumba, uso umemwiva kwa juhudi. Ulikuwa mkono wa dirisha, ule wa kushika na kuzungusha ukitaka kufungua, mweupe, mpya, wa akiba uliobaki kwenye boksi. Alikuwa ameupaka gundi ya silikoni nyuma na kuubandika kwenye fremu ya dirisha lisilofunguka.

"Unafanya nini wewe?"

"Nangoja ishike."

"Macdara, mtu mzima na mvi zako!"

"Hataugusa, Noreen. Hawezi kufika. Atauona tu, moyo utulie. Kiangazi nitamwita Festy alibadilishe, naapa. Na angalia bahari! Lile la zamani lilikuwa na machuma katikati, sasa anaiona yote. Nimefanya kwa ajili yake pia."

Na kweli bahari ilionekana yote. Ndiyo maana nilishindwa kumpiga.

Mama aliporudi na kuwekwa kitandani, alitazama kisiwa na mawimbi, akapiga makofi kama mtoto. "Ee Mungu wangu, kama niko nje!" Halafu macho yakashuka. "Na mkono wake mzuri. Mweupe. Ahsante, mwanangu, umenisikia." Akamshika Macdara shavu. Mimi nikainama nikajidai napanga mito, maana uso wangu sikujua niuweke wapi.

Tukaingia majira ya baridi na nyumba ikawa na joto hujapata kuona. Mkaguzi wa ruzuku akaja na mashine yake, akatupandisha daraja la nyumba zinazotunza joto, na Macdara akawa hawezi kupita mlango wa kanisa bila kumshika mtu mkono na kumwambia nyumba yetu ni daraja gani. Mataulo nikayatupa. Kuna kitu kimoja tu kilichotusumbua.

"Macdara, nifungulie kidogo. Nimekaa humu kama jamu kwenye chupa."

"Leo upepo mkali, Mama. Kesho."

Kesho mvua. Kesho kutwa ana kikohozi, atazidiwa. Siku ya tatu jua linawaka, bahari imetulia kama maziwa kwenye sahani, hata mimi nikasubiri kusikia atasema nini. Akasema, "Kuna nyuki, Mama." Nyuki! Wakati wa baridi! Mama akamtazama muda mrefu, akasema, "Haya."

Baada ya hapo kidogo akaacha kuomba. Ghafla tu. Siku moja tulirudi kutoka misani tukamkuta amejilaza amechoka, nywele zimemtimka, nikamwuliza kulikoni, akasema alikuwa anajinyoosha. Toka siku ile hakutamka tena neno dirisha. Macdara akaniambia, "Unaona? Amezoea." Na mimi nikaona kweli, wazee huzoea. Ila alianza vituko vingine. Nikienda na kitambaa kufuta kile kioo ananifokea: "Hilo liache! Usiliguse! Uchafu uko nje, ndani unafuta nini?" Nikaliacha. Kazi moja imepungua, nigombee nini?

Na ikaja hii ya gundi ya meno. Ile ya rangi ya waridi, inayonuka mnanaa, ya kushikizia meno ya bandia. Zamani tyubu moja ilimtosha muda mrefu. Sasa kila nikienda mjini: "Noreen, mwanangu, pitia dukani uniletee gundi." Nikafika mahali nikachoka, na mimi nikichoka nasema. Tena nikasemea mbele ya Delia aliyekuja kunywa chai.

"Mama, hii gundi unapaka kwenye mkate? Mwenye duka la dawa anadhani tunajengea nyumba!"

Delia akacheka mpaka akamwaga chai. Mama naye akacheka, amefunika mdomo kwa kiganja.

"Meno yamelegea, mwanangu. Uzee huu."

"Yamelegea nini na wewe unatafuna kuliko sote! Nitaanza kuificha kabatini."

"Usinifichie," akasema, na safari hii hakucheka. "Nisamehe usumbufu. Niletee tu."

Nikamletea, lakini kwa kununa.

Alitutoka siku ya mvua, baada ya chakula cha mchana. Tangu asubuhi pumzi ilikuwa imebadilika, daktari akasema tuite watu, nao wakaja: Delia na rozari yake, Festy na mkewe, majirani wa juu na wa chini, chumba kikajaa makoti yaliyolowa. Tukasali. Mama alikuwa ametazama bahari. Katikati ya Salamu Maria akavuta pumzi, akaitoa, hakuvuta nyingine. Delia akamfumba macho, akabusu paji la uso, akafanya ishara ya msalaba. Yeye ndiye anayewaosha maiti wa kijiji chetu chote, kwa hiyo kila mtu akamwachia yeye.

"Haya," Delia akasema kwa upole. "Fungueni dirisha."

Macdara alikuwa amesimama mbele ya dirisha. Hakusogea.

"Macdara, baba. Sogea, unamzibia mama yako njia."

Watu wakaanza kujibana ukutani kama inavyotakiwa, nafasi kati ya kitanda na dirisha ikabaki wazi, na ndani ya nafasi hiyo akabaki yeye peke yake, mikono imening'inia. Nikatazama chini. Nikaona viatu vya Festy. Vilikuwa havitikisiki. Yeye alijua, na mimi nilijua, na tulisimama tu.

"Ni majonzi," mtu akanong'ona. "Mwacheni kidogo."

"Hapana kidogo," Delia akasema. "Mama wa watu anangoja." Akamshika Macdara bega, akamsogeza taratibu kama unavyosogeza ng'ombe mpole, akaunyakua ule mkono mweupe, akauvuta.

Ukatoka. Haukung'ang'ania hata kidogo. Delia akabaki ameushika hewani, anautazama, anaitazama fremu, anautazama tena. Akapapasa kioo pande zote akitafuta pa kufungulia. Chumba kizima kilikuwa kinamtazama akipapasa, mwanamke wa umri ule, viganja vinateleza kwenye kioo, na nyuma yake maiti inangoja. Nimeishi miaka yangu, nimeanguka kanisani sketi ikapanda, nimetukanwa sokoni, sijawahi kuona aibu kama ile. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze mzima mzima.

"Halifunguki," Macdara akasema. Sauti ilitoka kama ya mtoto. "Lilikuwa halifunguki. Mimi ndiye niliyebandika."

Kama wangemtukana ingekuwa afadhali. Mke wa Festy akageuza uso ukutani. Delia akaja akaniwekea ule mkono kiganjani bila kunitazama, kama mtu anayerudisha sufuria aliloazimwa likiwa chafu.

Macdara akatoka. Nikadhani amekimbia. Akarudi na kisu cha siagi na nyundo, akapanda kwenye kiti, akaanza kuchokoa vile vipande vyembamba vya plastiki vinavyoshikilia kioo kwa ndani. Kisu kikateleza kikamkata, akaendelea. Festy akavua koti, akamnyang'anya kisu, akavitoa vyote. Wakakishika kioo wawili, na wawili wengine wakazunguka nje kwenye mvua kukipokea, maana kioo cha tabaka tatu ni mzigo. Wakakiegemeza ukutani nje.

Upepo ukaingia kwa kishindo. Mshumaa ukazimika, shuka likapepea, mvua ikanyesha juu ya kizingiti kipya, zulia likalowa, nywele nyeupe za Mama zikainuka kidogo pajini. Hakuna aliyesogea. Mume wangu, yule anayesikia upepo wa tundu la ufunguo, alisimama kando ya tundu lile kubwa mwili mzima unalowa, analia kwa sauti. Delia akaanza tena Salamu Maria pale tulipokuwa tumeachia.

Baadaye, kioo kiliporudishwa na Delia alipobaki chumbani na kazi yake ya kuosha, mimi nilikuwa jikoni nakata mikate ya nyama ya nguruwe kwa ajili ya watu. Nikaingiza mkono mfukoni mwa aproni kutafuta kitambaa, vidole vikanata. Nikautoa ule mkono wa dirisha. Nilikuwa sijautazama hata mara moja, kwa aibu. Nikaugeuza.

Nyuma, pembeni, kulikuwa na mabaki ya silikoni ya Macdara, nyeupe, iliyokatika zamani, imekauka. Juu yake kulikuwa na kitu kingine, laini bado, tabaka juu ya tabaka. Cha rangi ya waridi. Nikakinusa. Mnanaa.

Nilikaa kwenye kiti cha Mama. Watu husema aibu ya maiti aijuaye mwosha, lakini hii haikuwa aibu yake. Ilikuwa yetu, na yeye ndiye aliyekuwa akiificha. Ile siku tulipokwenda misani aliinuka, akafika, akauzungusha ule mkono apate hewa, ukamng'okea kiganjani. Akaelewa. Na badala ya kutungoja mlangoni na ule mkono, kama ambavyo ningefanya mimi, akaubandika tena kwa alichokuwa nacho, mwanawe asije akajua kwamba amejulikana. Kila ulipolegea, akainuka na nyonga yake ile, akaubandika tena. Na mimi nikamchekea mbele ya wageni. Nikamnunia kwa tyubu ya gundi. Nikamtishia nitaificha, akaniomba msamaha.

Macdara akaingia, kidole kimefungwa kitambaa, macho mekundu. Nikakifumba kiganja.

"Noreen," akasema, "kijiji kizima kitanisema mpaka nife, na wanayo haki. Nakubali. Ila kuna kitu kimoja kinanishikilia. Kimoja tu." Akafuta pua kwa mkono wa shati. "Angalau hakujua. Alikufa anaamini linafunguka. Sivyo?"

Tangu tuoane sijapata kumficha mtu huyu ukweli. Akivaa vibaya namwambia, akiimba vibaya namwambia, na hata siku ya harusi nilimwambia hotuba yake ilikuwa ndefu. Jibu lilikuwa kiganjani mwangu, linanata.

"Hakujua," nikamwambia. "Wapelekee watu mikate."

Akatoka na sinia. Nikafungua maji ya moto nikausugua ule mkono kwa kucha, kila pembe, mpaka ile rangi ya waridi ikaisha yote kwenye sinki.